Amebofya "Nimeelewa". Ameelewa nini?

"Meza vidonge viwili, mara mbili kwa siku." Ukiisoma sentensi hiyo huoni pa kukwama. Lakini mwaka 2006 watafiti wa Marekani walichapisha utafiti uliohusisha wagonjwa 395, waliowauliza kuhusu maelekezo ya namna hiyo yanayobandikwa kwenye chupa za dawa. Kati ya wale wasiosoma vizuri, kama asilimia 71 waliyaeleza maelekezo hayo sawasawa. Walipoombwa waonyeshe ni vidonge vingapi vya kumeza kwa siku nzima, waliopatia walikuwa kama asilimia 35 tu.

Programu nyingi za afya za mtandaoni zinaishia kwenye ile asilimia 71. Mtu amefungua ukurasa, ameteremka hadi chini, amebofya "Nimeelewa", basi anahesabiwa ameelimika. Kitufe hicho sote tunakibofya ili tupite. Wauguzi wazuri wana njia yao: wakimaliza kueleza, wanamwomba mgonjwa arudie kwa maneno yake, na akikosea wanajua wao ndio hawakueleza vizuri. Programu nayo inaweza. Weka vidonge kwenye skrini, weka asubuhi na jioni, mwache mtu avipange mwenyewe kwa kidole. Akiweka viwili asubuhi, na jioni pakabaki patupu, utajua hapo hapo sentensi yako haijafika.

Ushauri unaotajwa sana, ukiwemo wa Chama cha Madaktari cha Marekani, ni kwamba maandishi ya wagonjwa yasizidi kiwango cha darasa la sita. Sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni vipimo vya ugumu wa maandishi. Kimojawapo, SMOG cha mwaka 1969, huhesabu maneno yenye silabi tatu au zaidi, na kilitungwa kwa ajili ya Kiingereza. Kwa kipimo hicho "hatutawapelekea" ni neno gumu kupindukia, ingawa mtoto wa shule ya msingi halimsumbui, huku "figo" na "dozi" zikipita bila kuulizwa. Mtu akikwambia maandishi yake ya Kiswahili yamefaulu kipimo, muulize kipimo cha lugha gani.

Kuna wanaohofia kwamba kurahisisha ni kuwavunjia heshima waliosoma. Mimi sioni. Mwanasheria aliyeambiwa leo kwamba ana saratani hana utulivu wa kusoma aya ya mistari kumi na mbili.

Utamaduni ndio mgumu zaidi, na hapo ndipo kazi nyingi hulipuliwa. Watengenezaji wanabadilisha picha, wanawapa wahusika majina mapya, wanawavika nguo nyingine, kisha wanasema programu imezingatia jamii husika. Mtafiti wa afya ya jamii Ken Resnicow na wenzake walishatofautisha mambo haya mwaka 1999: kuna marekebisho ya juu juu, na kuna yale yanayogusa namna watu wanavyouelewa ugonjwa, nani huamua mgonjwa atibiwe vipi, na nini huonekana aibu. Ya juu juu humfanya mtu afungue programu. Ya ndani ndiyo humfanya aifuate.

Chukua simu yenyewe. Watengenezaji wengi wanaamini kila simu ina mwenyewe mmoja. Kuna nyumba ambako simu ni ya mume, mke na watoto wakubwa. Sasa saa mbili usiku skrini inawaka: "Usisahau dawa zako za ARV." Aliyeishika simu si mwenye dawa. Kwa lugha ujumbe huo hauna kasoro, hata wa darasa la pili anausoma, na ndiyo balaa yenyewe. Ungeandikwa tu "Muda wako umefika", na mwenye dawa akachagua mwenyewe maneno na saa, siri yake ingekuwa salama. Tafsiri, hata iwe nzuri kiasi gani, isingeliona hilo. Ni mpaka umuulize mtu anayeishi hivyo.

Kuuliza kunawezekana. Shirika la Afya Duniani lina programu ya sonona, yaani ugonjwa wa huzuni kali, iitwayo Step-by-Step, inayotumia simulizi na michoro ya mhusika aliyepitia hali hiyo. Ilipopelekwa Lebanoni, watu wa jamii na wahudumu wa afya waliipitia kwanza na kusema kipi hakiwaingii, kisha ikarekebishwa. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2022, yakiwemo ya wakimbizi wa Syria, yalionyesha dalili za sonona zikipungua, ingawa washiriki wengi hawakufika mwisho.

Kisha wapo wasiosoma kabisa. Kwa takwimu za UNESCO ni watu wazima zaidi ya milioni 700, karibu theluthi mbili yao wanawake. Kwao jibu la haraka ni sauti, na ni jibu zuri, ila sauti nayo husikika chumba kizima. Kwa hiyo programu iulize kwanza, "Uko peke yako?", kabla haijaanza kuzungumza, na iwe na njia ya kunyamaza kwa kugusa mara moja.

Haya yote yanataka fedha, na fedha hizo zitengwe kabla mstari wa kwanza haujaandikwa. Wanaoitwa kuyasoma maandishi na kuyakosoa walipwe pia, kama anavyolipwa mchoraji na mtaalamu wa kompyuta.