Jenerali hakushindwa, Ugogo je?

Jumamosi nilikuwa kwenye chumba cha kufulia cha jengo letu hapa Hamburg, nasubiri mashine imalize, akaingia mzee wa ghorofa ya tatu. Ni mtu mwema, hunishikia mlango kila tukikutana. Akaniuliza kwetu hasa ni wapi. Nikamwambia Tanzania, Dodoma. Uso ukamng'aa: "Aa, Lettow-Vorbeck! Yule hakushindwa!" Alimtaja jenerali aliyeongoza jeshi la Wajerumani kwetu katika Vita Kuu ya Kwanza. Sikumjibu, na wiki nzima neno hilo limenikaa kooni.

Kwa sababu hata kwetu nimelisikia, tena kwa fahari. Mwalimu wetu alitusimulia Tanga, Novemba 1914, jeshi la Waingereza likirudi mbio melini na nyuki juu yake, darasa zima likashangilia. Hodari alikuwa hodari. Alipigana miaka minne, wengi wa askari wake wakiwa vijana wetu, akavuka hadi Msumbiji, akaja kusalimu amri Abercorn, Mbala ya leo kule Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya. Sawa. Lakini miaka yote hiyo jeshi lake lilikula nini?

Lilikula kwetu. Bibi yangu hakuwa na habari na jenerali yeyote. Vita ile aliijua kwa jina la Mtunya, njaa aliyosimuliwa na mama yake. Wajerumani walipita Ugogo, nchi yetu ya Dodoma, wakachukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo. Waingereza wakaja nyuma yao, nao wakachukua. Mvua ikakata. Kati ya 1917 na 1920 watu walikufa kwa maelfu.

Sasa, Wajerumani wanabishana juu ya mtu wao hadharani. Saarlouis, mji aliozaliwa, uliliondoa jina lake mtaani mwaka 2010. Wanakumbushana kwamba alikuwemo katika jeshi la Wajerumani lililowaangamiza Waherero kule Namibia, na kwamba mwaka 1920 alijiunga na waliojaribu kuipindua serikali. Hapa Hamburg, mtaa wa Jenfeld, kwenye iliyokuwa kambi ya jeshi yenye jina lake, kuna sanamu za askari na wapagazi wetu, za udongo wa kuchoma, kazi ya ofisa wake wa zamani, enzi za Hitler. Nilikwenda kuwaona. Mpagazi amebeba mzigo, shingo imenyooka, na jina hana.

Na sisi? Dar es Salaam daladala zinapita Posta kila siku karibu na sanamu ya Askari, iliyosimama tangu 1927. Imeandikwa pale, kwa Kiswahili, kwamba wapagazi walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Nani kati yenu ameshasimama akasoma? Tunakwenda Kariakoo kununua viatu, na jina lenyewe limetokana na wapagazi wa Waingereza, Carrier Corps, ulimi wetu ukaligeuza. Soko zima linawataja kutwa nzima na hakuna anayewajua.

Najua mtakachosema. Huyo keshakula viazi vya Ulaya, anakuja kutufundisha historia yetu. Jamani, mimi natuma ada kila muhula, najua bei ya unga Dodoma kuliko bei ya mkate hapa. Siwasifu Wajerumani. Mwaka 1964, mwaka aliokufa jenerali, bunge lao lilikubali kuwalipa askari wazee waliokuwa bado hai, na fedha ile ilikuwa ya waliobeba bunduki. Aliyebeba sanduku la risasi kichwani hakuwemo. Mwingine atasema watu wana shida za maji na umeme, wapagazi wa nini. Lakini kuandika jina kunahitaji umeme gani? Daftari na kalamu vinatosha, na mzee mmoja kila kijiji kabla hajaondoka. Wao wana jina moja na wanaligombania. Sisi tuna maelfu, tumeyaacha yafe na wazee wetu, na hilo ndilo linaloniuma.

Jana nilimpigia shangazi, Mvumi. Shikamoo, marahaba, kisha nikamuuliza ni nani wa ukoo wetu walichukuliwa kubeba mizigo ya wazungu. Akanyamaza, nikadhani simu imekatika. Akataja wawili. Wa tatu alikumbuka tu kwamba alikuwa mdogo wa mmoja wao na hakurudi. Nimewaandika wote watatu, na huyo wa tatu nimemwachia nafasi ya jina.