Nyuki Hawakuwa na Upande

Nilipokuwa na miaka 16 nilikuwa nimeshamaliza kujua kila kitu. Urafiki ni deni ambalo bado halijaandikwa. Mapenzi ni homoni, tena zipo kwenye kitabu cha Baiolojia, kurasa chache tu baada ya minyoo. Historia ni maneno ya watu ambao mashahidi wao wote wamekufa. Haya nilikuwa nayasema kwa sauti, darasani, mbele ya watu walioamka salama na siku yao. Kila sentensi yangu ilianza na "kwani", basi wakanibatiza Kwani, na mpaka leo nikipita Ngamiani kuna baba mmoja mwenye upara ananiita hivyo mbele ya watoto wangu.

Niliyekaa naye dawati moja alikuwa Kitumbua. Mama yake alikaanga vitumbua barabara ya kumi na mbili (wasioijua Tanga wajue kwamba Ngamiani barabara zina namba, hazina majina, hata ugomvi huelekezwa kwa hesabu). Kila asubuhi alikuja na viwili vimefungwa kwenye gazeti, kimoja anakila, kimoja anakisukuma upande wangu. Mimi sikuwa nimeomba.

"Kwani unataka nini?" nilimuuliza wiki ya kwanza.

"Nataka ule, kinapoa."

Jibu lile lilinitia wasiwasi sana. Mtu anayetaka kitu bora aseme. Nikafungua nyuma ya daftari la Hesabu, nikachora safu mbili, tarehe na idadi, ili siku atakapokuja kudai fadhila zake nimhesabie mkononi, tumalizane. Kufika mwanzo wa Novemba 2002 nilikuwa nadaiwa vitumbua 64.

Sasa tuje kwenye nyuki.

Mwalimu wetu wa Historia alikuwa na somo moja alilolipenda kuliko mshahara wake: Vita vya Tanga. Novemba 1914 Waingereza waliletwa kwa meli na jeshi kutoka India, askari kama 8,000, wakashukia Raskazone, pwani ya Tanga. Upande wa pili alikuwepo Mjerumani, von Lettow-Vorbeck, na watu kama 1,000 hivi, wengi wao askari weusi. Kwa hesabu za kawaida ilikuwa kazi ya asubuhi moja. Lakini katikati ya mapigano nyuki wakachafuka, wakatoka mitini wakaanza kuchoma watu, na tarehe 5 Waingereza walikuwa wanarudi kwenye meli zao, wameacha hata bunduki za rasharasha ufukweni. Kule kwao ikasemwa kwamba Mjerumani ndiye aliyewatega wale nyuki.

"Uongo," mwalimu alikuwa akisema, huku anapiga ubao. "Mjerumani naye aliumwa. Nyuki hawakuwa na upande!"

Nikanyoosha mkono. "Kwani mwalimu, jeshi la watu elfu nane linakimbia mdudu?"

Darasa likacheka, na mimi nikajisikia mtu. Ndipo msichana wa dawati la mbele akageuka. Alikuwa katibu wa klabu ya Historia, nami nitamwita Katibu, maana sasa ana familia yake na sitaki matatizo. Aliniangalia kama mtu anavyoangalia bei ya samaki.

"Wewe," akasema, "siku ukizikwa utapinga hata kaburi."

Akageuka mbele. Ni hayo tu. Mimi nikabaki nimekaa, na kitu kifuani kikafanya kama pampu ya baiskeli yenye mchanga. Nikajiambia ni homoni, ukurasa fulani, zitapita.

Hazikupita. Wiki iliyofuata nilijiunga na klabu ya Historia. Nilimwambia Kitumbua kwamba naenda kuipinga kutoka ndani. Akatafuna pole pole, akameza.

"Na hayo mafuta ya nazi kichwani," akasema, "unaipinga nayo?"

Nilianza kunyoosha shati kwa pasi ya mkaa, mimi niliyekuwa nikisema pasi ni unafiki wa nguo. Nilianza kuuliza maswali ya kweli kwenye klabu, si ya kuharibu, kwa sababu niligundua kwamba nikiuliza swali la kweli Katibu hujibu huku amenitazama, na nikiuliza la kejeli hujibu huku ameitazama saa. Kitumbua aliyaona yote haya asiseme neno darasani. Jioni tu, akinipakia kwenye karia ya baiskeli yake kunirudisha nyumbani, alikuwa akiimba taarabu za mahaba kwa sauti mbaya mno. Safari hizo za baiskeli sikuziandika daftarini. Sijui kwa nini. Labda sikuwa na safu yake.

Jumamosi tarehe 2 Novemba, siku chache kabla ya Ramadhani kuingia, klabu ikapanga kwenda Raskazone kuona mahali penyewe. Tulifika kama saa nne asubuhi. Mwalimu alikuwa amevaa kofia ya pama, anatembea mbele kwa kishindo, anatuonyesha wapi walishuka, wapi walipita, wapi walianguka. Wasichana walikuwa wamekuja na kanga za kutandika. Bahari ilikuwa imekupwa, bamvua lile la kukupwa mpaka unaona mashua zimelala ubavu kama mbuzi waliochoka. Naomba msomaji alishike jambo hili la maji, linarudi.

Katibu alisimama chini ya mwembe mmoja mkubwa, akaangalia juu.

"Lile la pale," akasema, wala hakuwa anamwambia mtu, "ningelipata kwa chumvi na pilipili."

Lilikuwa embe bichi, liko peke yake kwenye tawi la tatu. Mimi, mtaalamu wa homoni, nilikuwa nimeshavua viatu.

Kitumbua alikuja mbio. Mjomba wake alikuwa mrina asali huko Handeni, na likizo zake nyingi alizimalizia kule. Akasimama, akatega sikio.

"Kwani, shuka. Nasikia mvumo."

"Kwani mvumo gani? Upepo huo."

"Upepo hauna mvumo wa hivyo. Shuka bwana, kuna nyuki humo."

Hapo nilikuwa tawi la pili, na Katibu ananitazama, na si kwa macho ya bei ya samaki. Ningeweza kushuka. Nimelifikiria jambo hili kwa zaidi ya miaka 20 na jibu ni kwamba ningeweza kabisa kushuka. Badala yake nikatoa hotuba. Nikasema, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa mwalimu, "Nyuki, nyuki! Kwani nyuki hao ndio waliomshinda Mwingereza?" Na ili niongeze msisitizo, nikaingiza mkono kwenye tundu la mti nijivute.

Lile tundu lilikuwa la moto. Moto na laini, na linatikisika.

Yaliyofuata nitayaeleza kwa mpangilio ingawa hayakuja kwa mpangilio. Embe nililikwanyua, hilo nalisema kwa fahari. Kisha nikaachia mti mzima. Nilianguka kwa makalio, nikanyanyuka nikiwa nimeshaanza kukimbia, na kichwani nilikuwa na kilemba cha nyuki kinachonguruma. Nikaona kundi lingine linaelekea kwa wenzangu. Klabu ya Historia ikatawanyika pande zote. Mwalimu alinipita kwa kasi ambayo sijawahi kuiona kwa mtu mwenye kisukari, kofia imebaki nyuma, anajipiga makofi shingoni, lakini ualimu ni wito jamani, maana alikuwa bado anafundisha:

"Mnaona! Aaah! Mnaona! Hawana upande!"

Mimi nikakumbuka watu husema ukifukuzwa na nyuki ujitose majini. Nikashika njia ya baharini. Nilikimbia mchanga, nikakimbia mawe, nikakimbia majani ya pwani, nikaanza kukimbia tope, na bahari bado iko kule kwenye upeo inaniangalia. Bamvua! Nilikimbia nikipiga kelele mpaka nikafika penye maji, nikajirusha kama mpiga mbizi. Yalikuwa ya kufika kwenye kifundo cha mguu. Nikatua kifudifudi kwenye tope, mgongo wote uko nje, na nyuki wakaendelea na shughuli zao pale walipoishia.

Mtu akanivamia kwa nguo, gubigubi. Ilikuwa kanga ya Katibu, na aliyeileta mbio alikuwa Kitumbua.

"Usiwapige!" akanifokea sikioni. "Nyuki akishachoma anaacha harufu inayoita wenzake. Tembea! Jifunike uso, tembea!"

Alinikokota hivyo mpaka kwenye mikoko, mbali na mti, tukakaa. Akatoa rula kwenye mkebe, akaanza kunikwangua miiba kwa ukingo wake, mmoja mmoja, haraka haraka, kwa sababu mwiba ukibaki mwilini unaendelea kusukuma sumu ndani. Alikuwa anahesabu kwa sauti. Alipofika 37 nikamwambia anyamaze. Akanyamaza, akaendelea kukwangua.

Zahanati ilikuwa mbali na jicho moja lilikuwa limeshafunga. Akanipakia kwenye karia, ile ile ya taarabu, nimejifunika kanga kichwani mpaka kiunoni. Nilichokuwa sikijui ni maandishi yake. Tulipoingia Ngamiani nikaanza kusikia wanawake vibarazani wanasoma kwa pamoja, polepole, kama darasa la kwanza:

"Ja-po si-pa-ti ta-maa si-ka-ti."

Halafu kicheko. Barabara ya tatu, barabara ya nne, barabara ya tano, kila namba na kicheko chake. Mmoja akanichungulia chini ya pindo, akarudi nyuma. "Ewe mwanangu, tamaa ya nini tena na uso huo?" Kitumbua alikuwa anapiga pedeli huku mabega yanamtikisika. Nilidhani analia kwa kunionea huruma. Hakuwa analia.

Zahanati walinidunga sindano mbili, wakaniangalia saa nzima kama napumua vizuri, wakaniruhusu. Tukafika kwa bibi yangu, aliyenilea, mwanamke asiye na mzaha.

"Shikamoo bibi," akasema Kitumbua.

"Marahaba mwanangu. Na huyu mgonjwa wa wapi?"

"Ndiye mjukuu wako, bibi."

Bibi akasogea, akainua pindo la kanga, akanikagua kwa utulivu.

"Mjukuu wangu ana shingo."

Nikataka kumwambia ni mimi. Lakini midomo ilikuwa imefura kama maandazi, haikutani, na neno likatoka "Ni nini."

"Ndiyo nakuuliza wewe," bibi akasema. "Ni nini?"

"Ni nini, hihi! Ni nini!"

Akamgeukia Kitumbua. "Mrudishe ulikomtoa kabla wenyewe hawajamtafuta."

Kilichoniokoa ni kovu la goti.

Kesho yake, Jumapili, nilikuwa nimelala na uvimbe umezidi, jicho moja limefunga kabisa na la pili linaona kwa mstari. Kitumbua akaja na gazeti lake. Akakiweka kitumbua kimoja kwenye mto. Kwa mazoea tu nikapapasa chini ya godoro, nikatoa daftari la Hesabu, kisha nikakumbuka kwamba sioni pa kuandika.

"Niandikie hafo," nikamwambia. "Sitini na tano."

"Sitini na tano nini?"

Nikasikia anafungua kurasa. Kimya. Kurasa nyingine. Kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe nilitamani ningekuwa mtu mwingine, na uso nilikuwa nao tayari. Halafu akacheka. Alicheka mpaka akakaa chini sakafuni, bibi akaja mlangoni kuuliza kama ndiyo nimekufa. Alipotulia akaniomba kalamu, akaandika kitu, akaondoka zake kumsaidia mama yake kufunga biashara, amesema anarudi.

Nikalipandisha daftari mpaka kwenye ule mstari wa jicho. Chini ya vitumbua 64 alikuwa ameandika, kwa mwandiko wake mbaya: *Nyuki 11.*

Sikuwa nimemuuliza. Mtu alirudi ndani ya lile wingu kunifunika kanga, akanipakia mji mzima, akanisubiri zahanati, nami sikuwa nimegeuza shingo, kwa kiasi nilichokuwa nayo, kumtazama yeye kama amechomwa. Nikakaa na lile daftari tumboni muda mrefu. Nyuki 11 unawalipa kwa nini?

Alasiri Katibu akaja. Bibi alimkaribisha kwa heshima zote, akamkalisha kwenye kigoda, akabaki mlangoni na ungo wa mchele ambao ulikuwa umeshachaguliwa tangu asubuhi. Katibu hakusema pole. Alinitazama kwanza, kwa muda wake.

"Sasa," akasema, "walikuwepo au hawakuwepo?"

"Walikuwefo."

"Mwalimu anakusalimia. Amesema ni mafunzo kwa vitendo. Shingo yake nayo imepotea."

Akafungua kitambaa. Ndani kulikuwa na lile embe. Watu wote walipokuwa wanakimbia roho zao, yeye alikuwa ameinama kuliokota nilipoliangusha, na ameumwa na nyuki wawili mkononi kwa ajili yake. Akanionyesha vidonda kama mtu anayeonyesha pete. Kisha akatoa kisu na pakiti ya chumvi na pilipili, akalikata vipande, akachovya kimoja, akakileta mdomoni kwangu, kwenye ile midomo iliyochanika na kufura.

"Kwani—" nikaanza.

Akainua nyusi.

Nikafungua mdomo nikala. Kilikuwa kichungu, kichachu, na pilipili ikaingia kwenye kila tundu ambalo nyuki walilichimba, machozi yakaanza kunitoka hata kwenye lile jicho lililofungwa. Nikaomba kingine. Akanipa. Nikala embe zima isipokuwa kipande kimoja, ambacho nilikishika mkononi nikimsubiri Kitumbua.

"Huyo mtoto analia?" bibi akauliza kutoka mlangoni.

"Hapana bibi," akasema Katibu. "Ni pilipili."

"Filifili," nikathibitisha.