Aliyeuza Shamba Hageuki Kirahisi

Juni 2023, miezi miwili baada ya makaburi ya msitu wa Shakahola, Kilifi, pwani ya Kenya, kuanza kufukuliwa, watu 65 walifikishwa katika mahakama ya Shanzu, Mombasa. Hawakuwa washukiwa wa mauaji. Walikuwa wamenusurika: waumini wa mhubiri Paul Mackenzie, anayedaiwa kuwafundisha wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu, waliotolewa msituni wamekonda hata kusimama kazi, wakapelekwa kituo cha uokoaji Mtwapa, wakaandaliwa chakula, wakakataa kukila. Serikali ikawashtaki kwa kujaribu kujiua. (Kifungu chenyewe cha sheria kilikuja kutupwa na Mahakama Kuu Januari 2025, lakini hiyo ni habari nyingine.)

Wakati ule mhubiri wao alikuwa rumande, analishwa na serikali kama mahabusu wengine. Miili iliyofukuliwa ilikuwa imepita mia tatu na bado inahesabiwa. Baadaye ilipita 400. Hakuna aliyewashikia fimbo tena wafunge. Na bado walifunga.

Sisi tuliokuwa tukitazama habari sebuleni tulikuwa na majibu tayari. Wamerogwa. Hawakusoma. Umaskini umewatia wazimu. Majibu haya yana raha yake, kwa sababu yote matatu yanamweka msemaji upande wa pili wa mto: mimi nimesoma, mimi sirogeki, mimi yasingenipata. Lakini msituni mle walikuwemo watu waliokuwa na ajira za mshahara, waliokuwa na viwanja, waliowahi kusomesha watoto. Maskini hohehahe hana cha kuuza, na Shakahola watu waliuza vitu.

Hapo ndipo ninapotaka tupaangalie. Nionavyo mimi, tunapoteza muda mwingi kuchunguza mahubiri, yaani mfuasi kindakindaki anaamini nini, na muda mchache mno kuuliza ameshalipa nini. Imani peke yake hulegea. Tumeona watu wakibadili dini, chama na timu ya mpira bila kutokwa jasho. Kinachomkaza mtu ni gharama ambayo ameshaitoa na ambayo, akigeuka leo, itabidi aitangaze kuwa ilitupwa jalalani.

Mtaani kwetu alikuwepo mama mmoja fundi cherehani. Simtaji jina wala kanisa lake, ambalo na Shakahola halihusiani. Alikuwa akishona sare za shule, na kila Januari baraza yake ilijaa wazazi wanaogombana na watoto kuhusu urefu wa sketi. Nabii wao akatangaza kwamba Bwana anarudi kabla ya mwaka kwisha na kwamba wateule wasikutwe na mzigo wa mali. Mama akauza cherehani, ile ya kukanyaga kwa miguu, na meza ya kukatia vitambaa, na pesa zote akazipeleka madhabahuni. Mwaka ukaisha, ukaingia mwingine. Siku moja nikamkuta anaanika nguo alizowafulia watu, nikamuuliza kama bado anasali kulekule.

"Nasali."

"Na ile siku aliyoisema nabii, mama?"

Akamalizia kubana shuka kwanza. "Mwanangu, nikisema yule ni mwongo, basi cherehani yangu niliiuzia nini?"

Hakunijibu kwamba nabii ni mkweli, wala hakunitolea aya. Nilimuuliza habari za unabii, naye akanijibu habari za cherehani. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na yule mama alikuwa uchi katikati ya mto, huku wengine wote tuko ukingoni tunamuuliza kama maji si baridi.

Ukimtazama Mackenzie kwa jicho hilo, utaona jinsi bei ilivyopandishwa kidogo kidogo. Alikuwa dereva wa teksi Malindi kabla ya kuanzisha kanisa lake mwaka 2003. Hakuanza kwa kuwaambia watu wafe njaa; angebaki na viti vitupu. Alianza na shule: elimu ya dunia ni ya shetani, watoeni watoto. Halafu hospitali. Mwaka 2019 serikali ilipokuja na Huduma Namba, namba moja ya utambulisho kwa kila mtu, akasema hiyo ndiyo alama ya mnyama wa kitabu cha Ufunuo. Mzazi aliyemtoa mwanawe shuleni ameshagombana na mwalimu, na chifu, na pengine na mama mkwe. Aliyekataa namba ya serikali ameshajifungia milango ya ofisi. Kila hatua ilikuwa nyongeza ndogo tu juu ya ile iliyotangulia, na kila hatua ilimkata mfuasi na mtu mmoja zaidi ambaye angeweza kumwambia, "Ndugu yangu, hebu turudi nyumbani." Kufikia siku ya kununua kijiploti msituni na kuhamia, hapakuwa na mtu wa kuaga.

Naomba hapa tusichanganye mambo. Ninaposema mfuasi amelipa, simsemi mtoto. Uchunguzi wa miili ulionyesha kwamba wengi walikufa kwa njaa, lakini wengine, wakiwemo watoto, walikuwa wamenyongwa, wamepigwa au wamezibwa pumzi. Mtoto hakuuza kitu wala hakuamua kitu. Yeye alikuwa sehemu ya malipo ya mzazi. Mackenzie amekana mashtaka ya mauaji ya watoto na mengine yanayomkabili. Ila sidhani kama kuna malipo yanayomfunga mtu kuliko hayo. Mama aliyemwona mwanawe akikata roho kwa njaa, akaambiwa mtoto ametangulia kwa Yesu, utamwambia nini siku ya pili ili aamini kwamba hakuna alikotangulia? Ukimpa uji, unamtaka kwa kijiko kimoja akubali kwamba mtoto alikufa bure. Mimi nikiwakumbuka wale 65 wa Shanzu, wazo hilo ndilo hunijia kwanza.

Jambo hili halikuanzia Kilifi. Kanungu, kusini magharibi mwa Uganda, lilikuwepo vuguvugu la kurejesha Amri Kumi za Mungu. Viongozi wake waliojulikana ni Joseph Kibwetere, aliyekuwa mwalimu na mwanasiasa, Credonia Mwerinde, na padri Dominic Kataribabo. Wafuasi, wengi wao Wakatoliki, waliuza mali zao wakahamia kambini. Waume na wake walitenganishwa. Hata kuzungumza kulipunguzwa, watu wakawasiliana kwa ishara za mikono ili wasije wakavunja amri ya kutoshuhudia uongo. Watu wasiosemezana hawawezi kunong'onezana mashaka. Kila mmoja hubaki akidhani ni yeye tu mwenye imani haba.

Walikuwa wametangaziwa kwamba dunia ingekwisha pamoja na mwaka 1999. Januari mosi 2000 jua likachomoza kama kawaida. Baadhi ya wafuasi wakaanza kudai mali zao. Siku nyingine ikapangwa. Machi 17, baada ya ng'ombe kuchinjwa na soda kunyweka, mamia ya watu wakaingia katika jengo lao la ibada, madirisha yakiwa yamepigiliwa misumari, na jengo likalipuka moto. Siku zilizofuata polisi wakakuta miili mingine imezikwa kwenye nyumba nyingine za vuguvugu hilo, ikiwemo chini ya sakafu nyumbani kwa Kataribabo huko Rugazi: watu waliokufa kabla ya moto.

Kinachonisimamisha Kanungu ni kile kipindi cha kati, Januari hadi Machi. Tarehe imeshapita. Uongo umeshaonekana kwa macho makavu. Wachache wanadai chao, na wengi wanasubiri tarehe mpya. Tungetarajia kinyume chake, kwamba asubuhi ile ya Januari mosi kambi ingebaki tupu. Lakini mtu aliyeuza shamba angerudi wapi? Shamba lina mwenyewe mpya. Kijijini watu walimcheka alipoondoka na wamemwekea kicheko cha kurudi. Tarehe mpya ilikuwa nafuu.

Wanasaikolojia wa Marekani waliwahi kuligusa suala hili. Mwaka 1954 Leon Festinger na wenzake walijipenyeza, wakijifanya waumini, katika kikundi kidogo karibu na Chicago kilichokuwa kikingoja gharika ya Desemba 21 na chombo cha angani cha kuwaokoa. Gharika haikuja, na watafiti wakaandika kwamba waliokuwa wamejitolea zaidi ndio waliozidi kushikilia imani na kuanza kuitangaza. Utafiti ule umelaumiwa sana baadaye, na kwa haki: ukijaza wapelelezi kwenye kikundi cha watu wachache, hujui tena kama unachokiona ni kikundi au ni wapelelezi wako. Mimi Kanungu inanitosha.

Ufundi mwingine wa mavuguvugu haya ni kumgeuzia mfuasi lawama pale ahadi inapovunjika. Alice Lakwena, aliyeongoza jeshi lake la Roho Mtakatifu kaskazini mwa Uganda kuanzia 1986, aliwapaka wapiganaji mafuta ya moya, yatokanayo na mbegu za mti wa shea, ili risasi zisiwadhuru. Walikwenda vitani wakiimba nyimbo za dini, na kujificha nyuma ya mti au kichuguu kulikatazwa. Zilikuwepo kanuni ishirini. Mojawapo iliagiza kwamba mwanamume awe na korodani mbili, zisipungue wala zisizidi, na ningependa sana kumjua aliyepewa kazi ya kukagua. Aliyepigwa risasi akafa alikuwa amevunja kanuni fulani. Nani hajavunja hata moja kati ya ishirini? Kwa mpango huo mafuta hayawezi kushindwa kamwe, anayeshindwa ni marehemu. Walifika karibu na Jinja mwaka 1987 ndipo wakasambaratishwa, na Lakwena akaishia kambi ya wakimbizi Dadaab, alikofia mwaka 2007.

Mtu wa Tanzania hapa atanikumbusha Maji Maji, nami namkubalia nusu. Ni kweli kwamba maji ya Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe yaliahidi kinga dhidi ya risasi za Wajerumani, na kwamba waliouawa ilisemwa wamevunja miiko. Bombomu, yaani bunduki za rashasha, za boma la Mahenge mwaka 1905 hazikujali miiko. Lakini wale watu walikuwa wanalimishwa pamba kwa viboko. Walikuwa na sababu ya kupigana hata bila maji, na maji yaliwapa makabila yaliyokuwa hayaelewani kitu kimoja cha kusimamia. Sitaki hoja yangu igeuzwe kuwa kila anayejitoa mhanga ni mwendawazimu. Wakoloni walisema hivyohivyo. Tofauti ninayoiona mimi iko kwenye mlango wa kutokea. Vita vya kudai ardhi vinaweza kushindwa, na mpiganaji akarudi kwao akaitwa shujaa. Shakahola hapakuwa na namna ya kurudi na heshima.

Na siasa zetu? Sitazikalia sana, kila mtu ana mfano wake. Yule mkereketwa aliyekosana na kaka yake kwa sababu ya mgombea, akatukana majirani kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, akachanga hata ada ya mtoto kwa ajili ya kampeni, hatakubali leo kwamba mheshimiwa ni mwizi. Mpelekee ushahidi wa makaratasi, atakuambia makaratasi yametengenezwa. Hasomi makaratasi. Anapiga hesabu ya kaka yake.

Ndiyo maana kumcheka mfuasi, kazi tunayoifanya kwa bidii mitandaoni, inamsaidia kiongozi. Kila kicheko kinapandisha bei ya kurudi. Shanzu nayo ilifanya vivyo hivyo kwa jina la sheria: mtu aliyefundishwa kwamba serikali ni ya mnyama akaletewa serikali yenye pingu. Mwaka 2025 miili mingine ilianza kufukuliwa Kwa Binzaro, Kilifi hukohuko, na wapelelezi wakaihusisha na mafundisho yaleyale. Nani alidhani kukamatwa kwa mtu mmoja kungelimaliza?

Tangu Shakahola mjadala mkubwa umekuwa ni kuwadhibiti wahubiri, na sauti nyingi zinataka mchungaji awe na cheti cha theolojia. Rwanda ilishapitisha sheria ya namna hiyo mwaka 2018. Sina ugomvi na theolojia, lakini Kataribabo alikuwa padri kamili aliyesoma hadi vyuo vya Marekani, na miili ilifukuliwa chini ya sakafu yake. Mimi ningeacha cheti nikaulizia hati za mashamba: ni nani anashika mali iliyouzwa na waumini, watoto wao wako shule gani, na aliyehama mwezi uliopita aliondoka na nini mkononi. Maswali hayo hata chifu anaweza kuyauliza, bila kujua neno moja la Kigiriki, na angeyauliza mapema, wakati mtu bado ana cherehani yake.