TF1 ndani ya Netflix: nani anamhitaji mwenzake zaidi?

Juni 2025, TF1, kampuni kubwa ya televisheni ya binafsi nchini Ufaransa, ilitangaza kwamba kuanzia kiangazi cha 2026 vituo vyake vitano, pamoja na vipindi vya zaidi ya saa 30,000, vitapatikana ndani ya Netflix kwa wateja wa nchi hiyo. Mtu aliyefungua Netflix kutafuta filamu ataweza kutazama humo humo taarifa ya habari ya saa 2 usiku, ikiwa hewani, bila kugusa rimoti ya kisimbuzi.

Wanaoutetea mkataba huu wana hoja nzito. TF1 inaishi kwa matangazo ya biashara, na matangazo huwafuata watazamaji, ambao wengi wao, hasa vijana, wamehamia mtandaoni. Njia ya kujitegemea ilikwisha jaribiwa: mwaka 2020 TF1, mshindani wake M6 na televisheni ya umma, France Télévisions, zilianzisha kwa pamoja huduma ya kutazama vipindi mtandaoni iitwayo Salto, ikafungwa Machi 2023. Mpango wa TF1 na M6 kuungana ulikuwa umeshaachwa Septemba 2022, wahusika walipoona masharti ya wasimamizi wa ushindani hayabebeki. Anayeilaumu TF1 leo atuambie kwanza ni mlango gani mwingine uliobaki wazi.

Hata hivyo, wenye hofu nao hawaoti. Kampuni za Marekani ziliwahi kuiuzia Netflix filamu na tamthilia zao zikidhani zinaokota fedha za bure, kumbe zilikuwa zikijipalia makaa. Disney ilipoanzisha huduma yake ya mtandaoni, Disney+, Novemba 2019, watazamaji walikuwa wameshazoea kwingine. Ni kweli kwamba TF1 inaingia na vituo vyake na jina lake, jambo ambalo ni kinga kubwa kuliko kuuza filamu mojamoja. Lakini kinachotangulia mbele ya macho ya mtazamaji ndani ya Netflix hupangwa na Netflix.

Kwa maoni yangu, TF1 haikukosea kuingia. Hatari iko kwenye TF1+, huduma yake yenyewe ya mtandaoni iliyoanza Januari 2024. Mtazamaji anayeikuta tamthilia ileile kwenye Netflix aliyokwisha kuilipia hana sababu kubwa ya kuhangaika kufungua TF1+, na siku mkataba utakapojadiliwa upya, nguvu ya TF1 mezani itapimwa kwa idadi ya watu ambao wangeifuata nje ya Netflix.