Msiyakate Maneno Yanayojirudia

Ukisema "wape watoto pipi mbili," ugomvi unaanza hapo hapo. Ukisema "wape pipi mbili mbili," kila mtoto anajua fungu lake. Neno moja limerudiwa na hesabu yote imebadilika. Ndiyo maana naumia nikiona mwalimu au mhariri amelikata neno la pili kwa wino mwekundu, kana kwamba mwandishi alipitiwa.

Kurudia neno namna hii wataalamu wa lugha hukuita uradidi, na utamu wake uko kwenye vitenzi. Mtoto anayelia ana jambo: ameanguka, ana njaa, anaumwa. Anayelialia hata mwenyewe hajui anataka nini, na mama anaweza kumaliza kuosha vyombo kwanza. Anayetembea ana aendako, anayetembeatembea hana. Kwa hiyo wanaosema kurudia ni kutia mkazo tu wameona upande mmoja. Mara nyingi kunapunguza. Mtu "mrefumrefu hivi" si mrefu wa kuinama mlangoni. Mgonjwa akisema "nasikia homahoma," anamweleza daktari kwamba homa haijamshika sawasawa, inamnyemelea. Daktari akiandika "ana homa," ameshaandika habari nyingine.

Tena uradidi una kanuni zake, tunazozifuata bila kufundishwa. Kitenzi kifupi kama kula hurudiwa pamoja na ile "ku" yake: tunasema "anakulakula ovyo." Hakuna anayesema "anakulala", hilo tungelisikia kama usingizi.

Sitetei kila kinachorudiwa. Mtu anayeanza kila sentensi kwa "yaani, yaani" anatafuta la kusema, na hizo zikikatwa sina neno. Mpiga debe anayeita "Posta, Posta, Posta!" naye yuko kwenye jambo jingine kabisa, anataka asikike juu ya kelele za kituo.

Cha kujadili ni maandishi. Kamusi huunganisha polepole na mbalimbali, lakini kwenye simu wengi tunaandika "pole pole" na maana haipotei. Mimi huunganisha vitenzi, kisha huacha nafasi kwenye mbili mbili na mmoja mmoja, kwa sababu pale naona kweli ni mafungu yanayogawanywa. Wanafunzi nao huandika "mbali2" kwenye daftari zao. Kwenye mtihani haifai, lakini wanaoandika hivyo hawajalitupa neno la pili, wamelihesabu.