Asilimia 60 mpakani, chini ya asilimia 5 katika eneo zima: mipaka ya joto baharini inastawisha nini?

Ukiwa kwenye chombo katika maji makuu, mpaka wa joto, yaani mahali maji ya joto yanapokutana na ya baridi, unaweza kuuona kwa macho kabla ya kutumbukiza kipimajoto. Ni mstari wa povu na mwani uliong'oka, umenyooka hadi upeo wa macho. Upande mmoja maji ni ya buluu nzito, upande wa pili yana ukijani. Juu yake ndege wanazunguka. Setilaiti huuona mpaka huohuo kutoka angani, na hapo ndipo ubishi unapoanza. Je, fitoplanktoni, chembe hai zisizoonekana kwa macho ambazo hufanya karibu nusu ya usanisinuru wote duniani, hustawi pale kwa sababu ya mpaka, au zimeletwa tu na maji kama lile povu?

Wanaosema zinastawi wana hoja nzito. Baharini mwanga uko juu na mbolea, yaani naitreti na fosfeti, iko chini. Maji ya joto ni mepesi, hivyo hutanda juu kama kifuniko. Mikondo inapoubana mpaka kati ya maji ya joto na ya baridi, maji huanza kuzunguka wima: hupanda upande wa joto, huzama upande wa baridi. Katika mipaka myembamba ya kilomita chache, mwendo huo huweza kufika makumi ya mita kwa siku, mara nyingine hata mita 100. Chembe inayoweza kugawanyika ndani ya siku moja haihitaji muda mrefu kuitumia mbolea hiyo.

Kuna njia ya pili, ambayo kwangu inavutia zaidi. Wakati wa baridi upepo huyavuruga maji na kuzishusha chembe hadi gizani. Mpakani, maji mepesi huteleza juu ya mazito, tabaka linalovurugwa linakuwa jembamba, na chembe zinabaki kwenye mwanga kabla jua la majira ya kuchipua halijaipasha bahari moto.

Mwaka 2023 ulichapishwa utafiti uliochambua miaka 20 ya picha za setilaiti za eneo linalouzunguka mkondo wa Gulf Stream, Atlantiki ya Kaskazini. Watafiti walipima jinsi nyuzi za joto zinavyotofautiana ndani ya kila kieneo kidogo cha bahari, wakaitenga mipaka mikali na hafifu, kisha wakalinganisha klorofili, yaani rangi ya kijani ya fitoplanktoni, ya mpakani na ya nje ya mipaka. Mpakani ilizidi kwa hadi asilimia 60. Lakini ukilipigia hesabu eneo lote, mchango wa mipaka unashuka hadi chini ya asilimia 5, maana mipaka ni michirizi myembamba. Mipaka hafifu, kwa kuwa ni mingi, ilichangia sawa na ile mikali.

Mwenye shaka ataishika hiyo asilimia 5 na kusema picha za michirizi ya kijani zinatupiga changa la macho. Kwa hesabu ya jumla ana haki. Ila samaki mchanga hali wastani wa eneo. Kiini cha yai kikishamwishia, anahitaji chakula kilichosongamana mahali pamoja, na anakihitaji siku hiyohiyo. Utafiti uleule ulionyesha kuwa mpakani mchipuko wa fitoplanktoni huanza wiki 1 hadi 2 mapema. Kwa kiumbe wa namna hiyo, wiki mbili ni uhai au kifo, na hesabu ya jumla ya mwaka hailioni jambo hilo.

Sasa turudi kwenye povu. Mfano huo unapotosha. Povu hukusanyika kwa sababu linaelea: maji yakizama, lenyewe linabaki juu. Fitoplanktoni nyingi huchukuliwa na maji. Yakizama, nazo huzama. Na kweli, kaskazini ya latitudo 45 yalionekana majira ambapo klorofili mpakani ilikuwa pungufu, jambo ambalo watafiti walilieleza kwa kuzama huko. Kwa hiyo mpaka si fagio la kukusanya tu.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni jingine: mikondo huweza kuyavuta maji yenye rutuba kutoka mbali na kuyanyoosha kama uzi kando ya maji maskini. Setilaiti itaona mstari wa kijani hata kama hakuna kilichoota pale. Gulf Stream yenyewe hubeba mbolea nyingi, na watafiti hawakulificha hilo.

Tena, setilaiti haipimi ukuaji. Inapima rangi, na rangi inatafsiriwa kuwa klorofili. Chembe ikishushwa penye mwanga hafifu huongeza klorofili yake bila kuongezeka idadi. Kipimo cha joto cha infraredi nacho husoma ngozi tu ya maji, unene usiofika hata milimita 1, na mawingu yakitanda hakioni kitu.

Nikiyapima yote, naegemea upande wa ustawi, na kinachonivuta ni tarehe ya mchipuko kuliko ile asilimia 60. Uzi wa maji yaliyovutwa kutoka mbali unaweza kueleza kwa nini mahali fulani pana kijani kingi. Ni vigumu zaidi kueleza kwa nini msimu uwahi kuanza mpakani.

Kinachokosekana ni kuufuatilia mpaka mmoja saa baada ya saa. Setilaiti nyingi za rangi ya bahari hupita juu ya mahali mara moja hivi kwa siku. GOCI, kamera ya rangi ya bahari kwenye setilaiti ya Korea Kusini, iliyorushwa 2010 na kukaa juu ya eneo lake bila kuhama, ilipiga picha mara 8 kwa siku. Kwa picha za aina hiyo unaweza kuufuata mchirizi mmoja kuanzia asubuhi hadi alasiri, siku baada ya siku, uone kama kijani chake kinaongezeka au kimehama tu.