Picha za Harusi na Wino wa Mjomba

Laptopu yangu kuukuu, ile iliyopasuka kioo ilipoanguka kutoka juu ya friji, niliipandisha cheo ikawa seva. Nikaiweka nyuma ya kochi, jirani na ruta, nikapakia humo picha 612 za harusi ya mdogo wangu. Kwenye grupu la familia nikatangaza: "Kuanzia leo hakuna tena kutumiana picha zenye ukungu. Fungueni hapa." Nikabandika anwani: 192.168.1.20.

Msidhani sikujaribu kwanza. Rafiki yangu fundi wa mitandao alishaniambia, "Hakikisha inafunguka ukiwa nje." Nikatoka nje. Nikasimama chini ya mwembe, kanga za mama zinanipiga usoni kutoka kambani, nikafungua. Picha hizo! Nikasogea mpaka getini, nikafungua tena. Zinatiririka. Kwamba simu bado inanyonya waifai ya sebuleni, wala halikunijia.

Jioni Mjomba akapiga kutoka Muscat.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Harusi yenu mbona haina watu? Naona maandishi matupu, naambiwa wino mweusi umekwisha."

Nikamwomba avute subira, huenda mtandao wa huko unasumbua. Kesho yake: "Wino nimenunua. Nimetia na wa rangi kabisa. Bi harusi bado simwoni."

Nilipomsimulia fundi, alicheka mpaka akashindwa kuongea. Anwani za 192.168 ni za ndani ya nyumba, na karibu kila nyumba inazo zilezile, kama vile kila nyumba ina jiko. Mjomba alipoandika zile namba hakuja Tanga. Alikwenda chumba cha pili, kwenye printa yake mwenyewe.

Basi nikaingia kwenye ruta kuelekeza poti: atakayebisha hodi kutoka nje kwenye poti 443, mlango wa kawaida wa tovuti, aletwe nyuma ya kochi. Nikaandika kanuni moja, mbili, nane. Ruta ikazikubali zote, kwa upole wa mtu ambaye hana nia ya kutekeleza hata moja. Safari hii nikazima waifai kabla ya kwenda mwembeni. Kimya. Kanga tu.

Usiku wa tatu ndipo nilipoona. Ruta inasema anwani yake ya nje inaanza na 100.72, tovuti ya kupimia inasema dunia inaniona kwa namba nyingine kabisa. Fundi akaguna. Kuanzia 100.64 hadi 100.127 ni namba zilizotengwa mwaka 2012 kwa ajili ya kampuni za intaneti zinazowabananisha wateja kwenye anwani moja, maana zile za zamani, bilioni 4.3 dunia nzima, zilikwisha kugombaniwa.

Mnakumbuka tulivyokuwa tukitumia S.L.P. ya shule mtaa mzima? Ndiyo hiyo. Ukiandika barua wewe, jibu litakufikia, kwa sababu karani anakumbuka nani alituma. Lakini barua ikija bila kuulizwa, karani hajui ni ya nani, anaitupa. Kanuni zangu nane nilizibandika kwenye mlango wa chumba changu, na karani yuko posta.

Nikawapigia huduma kwa wateja. Dada akaniambia nizime ruta, nisubiri, niwashe. Nikazima. Na yeye akakatika, kwa kuwa nilikuwa nikizungumza naye kwa waifai hiyohiyo. Nikarudi mwisho wa foleni, dakika arobaini za muziki.

"Anwani ya peke yako ni ya wateja wa biashara, kaka, inalipiwa kila mwezi. Biashara yako ni ipi?"

"Harusi."

"Unapamba?"

Nikakata simu mwenyewe.

Mwishowe fundi alikodi kijiseva huko nje chenye anwani yake halisi, laptopu yangu ikawa ndiyo inayokipigia simu kutoka ndani kupitia WireGuard, programu ya kuunganisha mashine mbili kwa njia yao ya siri, na kubaki hewani. Karani hana neno, aliyeanza kuandika ni sisi. Mgeni akibisha kule, analetwa kwa njia hiyo mpaka nyuma ya kochi. Nikampelekea Mjomba anwani mpya, mkono unatetemeka.

Saa nzima kimya. Kisha: "Mashaallah! Nimemwona! Nimewaona wote!"

Nikalala kama mfalme. Alfajiri nikakuta ujumbe mwingine, pamoja na picha ya kochi la Muscat lililofunikwa na karatasi kuanzia mgongoni hadi miguuni.

"Nimefika ya 388. Wino umekwisha."